Mbadala wa Udongo Hauchaguliwi kwa Macho

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Sijui kama wahenga hao waliwahi kuiona ndoo ya plastiki iliyojazwa vumbi la makumbi ya nazi na kupandwa sukuma wiki, lakini maneno yao hunijia kila nipitapo katika baadhi ya shule zetu siku hizi. Pale palipokuwa na kishamba cha mahindi cha chama cha 4K, leo pana safu za ndoo, magunia na mitungi iliyokatwa katikati, na ndani yake hamna hata chembe ya udongo. Pana makumbi, pana kokoto nyepesi za volkano, pana makapi ya mpunga. Mwalimu anayekutembeza atakuambia kwa fahari kwamba hiki ndicho kilimo cha kisasa.

Sina ugomvi na kilimo hicho. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyokiingia. Mara nyingi mbadala wa udongo huchaguliwa kwa sababu muuzaji ameusifu, au kwa sababu shule jirani imeununua, au kwa kuwa unapendeza macho. Baada ya miezi miwili miche imegeuka manjano, pesa za wazazi zimepotea, na wanafunzi wamejifunza somo moja tu: kwamba kilimo ni kazi ya hasara. Hilo ndilo linalonisikitisha. Mche uliokufa waweza kupandwa mwingine mahali pake, lakini mtoto aliyekata tamaa na jembe ni vigumu kumrudisha.

Kwanza tuulize: kwa nini mtu auache udongo, ambao Mungu ametupa bure? Sababu zipo, na baadhi yake ni za haki. Shule nyingi za mijini hazina shamba kabisa. Uwanja ni wa saruji, na hata penye udongo pamejaa vifusi vya ujenzi. Huko mashambani nako, kuliko na ardhi, kuna maradhi ambayo yakishaingia ardhini hayatoki upesi. Mkulima wa nyanya anaujua mnyauko wa bakteria. Mnyanya huwa umestawi asubuhi, mchana umelegea kama uliomwagiwa maji ya moto, na baada ya siku chache umekufa ungali na rangi yake ya kijani. Bakteria hao, ambao wataalamu huwaita Ralstonia solanacearum, huweza kukaa udongoni kwa miaka, huvamia pia viazi, pilipili na biringani, na hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya mmea uliokwisha kuambukizwa.

Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi ugonjwa huo, na akate kipande cha shina la mnyanya ulionyauka, akining'inize wima ndani ya glasi ya maji safi, kisha angoje dakika chache. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, nyuzi nyeupe kama za maziwa zitaonekana zikiteremka kutoka kwenye shina. Mwenye shamba la namna hiyo ana haki ya kutafuta pengine pa kupandia nyanya zake. Lakini mwenye udongo mzuri, wenye mboji na usio na maradhi, hana haja ya kuukimbia. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Pili, ni sharti tujue udongo unaufanyia mmea nini, kwani hatuwezi kumchagua naibu bila ya kuijua kazi ya mkuu wake. Katika karne ya 17 aliishi huko Ubelgiji ya leo tabibu mmoja aliyeitwa Jan Baptist van Helmont. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chombo, yaani kilo 90 hivi, akapanda humo mche wa mti wenye uzito wa ratili 5. Kwa muda wa miaka mitano hakutia chochote ila maji. Alipoung'oa mti huo ulikuwa na ratili 169 na ushei. Alipoukausha na kuupima udongo wake, ulikuwa umepungua kiasi cha wakia mbili tu, gramu 57 hivi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki.

Van Helmont alikata shauri kwamba mti wote umetokana na maji. Alikosea mara mbili. Aliisahau hewa, ambamo jani hupata kaboni yake kwa nguvu za jua. Na alizipuuza zile wakia mbili. Leo twajua kwamba zaidi ya sehemu 90 kati ya 100 za uzito mkavu wa mmea hutokana na hewa na maji. Madini ya udongoni ni kidogo sana, lakini kidogo hicho kikikosekana mmea haustawi hata ukimwagiwa mto mzima. Katika miaka ya 1860 wataalamu wawili wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, waliyayeyusha madini hayo majini wakakuza mimea pasipo udongo wowote. Huko California, William Gericke aliitoa elimu hiyo maabarani akaipeleka bustanini kuanzia mwaka 1929, na mnamo 1937 akaieneza kwa jina la haidroponiki, lenye asili ya maneno ya Kiyunani ya maji na kazi.

Dunia ilishangilia wakati huo kama ishangiliavyo sasa. Watu walidhani kwamba njaa imekwisha. Ndipo wataalamu wengine wawili wa chuo hicho hicho cha California, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, walipotoa kijitabu mwaka 1938 kuwatuliza watu. Walionyesha kwamba mmea uliopandwa majini haushindi kwa mazao ule uliopandwa katika udongo mzuri, iwapo yote miwili imetunzwa sawasawa. Maneno hayo hayajachuja. Kuacha udongo si muujiza. Ni njia ya kukabili shida fulani. Asiye na shida hiyo ataongeza gharama tu.

Basi udongo hufanya kazi nne. Huushika mmea usianguke, huuwekea maji, huipa mizizi hewa, na huuhifadhia chakula. Katika kazi hizo, ile isahauliwayo mno ni ya hewa. Wengi wetu hudhani kwamba mizizi hunywa tu. Mizizi hupumua pia, kama apumuavyo mwanafunzi darasani, na ikizibwa na maji kwa muda mrefu huoza. Ajabu ni kwamba mmea ulioshiba maji kupita kiasi hunyauka kama wenye kiu, naye mtunzaji, akiuonea huruma, huuongezea maji mengine.

Hapa pana jambo ambalo si wengi wanaolifahamu. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe hadi ishibe, uishike ikiwa imelala bapa mpaka matone yakome. Kisha igeuze isimame wima. Maji yatatiririka tena ingawa hukuiminya. Sababu yake ni kwamba katika kila chombo kilichojaa vitu vyenye vitundu, maji hubaki chini yakashikilia humo, na uzito wao hautoshi kuyatoa. Kina cha tabaka hilo la maji hakitegemei urefu wa chombo bali udogo wa vitundu. Kwa hiyo chombo kifupi hubaki kimelowa karibu chote, ilhali kile kirefu hupata nafasi ya hewa sehemu ya juu. Udongo wa shambani, ambao chini yake una ardhi yenye kina kirefu ya kuyavuta maji, ukiutia katika mkebe mfupi hugeuka tope. Si kwamba udongo ni mbaya, ila umewekwa mahali pasipo pake.

Hali kadhalika, tangu utotoni tumefundishwa kutia kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Mafunzo hayo tuyaache. Maji hayatoki katika vitundu vidogo kuingia katika nafasi kubwa za kokoto mpaka vile vidogo vishibe kabisa. Matokeo yake ni kwamba lile tabaka la maji huinuliwa tu likakaa juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi, na chungu kikawa kama kimefupishwa. Kitoboe chombo vizuri, ujaze kitu kimoja kilichochanganywa vyema kutoka chini hadi juu.

Sasa tuitazame mibadala yenyewe, tuanze na makumbi, kwani ndiyo yanayotajwa kila mahali. Vumbi libakilo baada ya kutoa nyuzi za kamba ni jepesi, hunywa maji mara nyingi kuliko uzito wake, na bado huacha nafasi ya hewa. Kilifi na Kwale kuna minazi tele, na makumbi mengi huishia kuchomwa au kutupwa. Lakini yana hila yake, nami nililipia ujinga wangu. Nilipokuwa nikifundisha nilinunua magunia mawili kutoka Pwani, nikajaza ndoo, nikapanda maharagwe. Yaliota machache, na hayo machache majani yake yaliungua kandokando kama yaliyopitishwa motoni. Niliposafiri kwenda Kilifi nilimsimulia mzee mmoja, msokota kamba wa siku nyingi.

“Makumbi hayo yalifukiwa wapi?” akaniuliza.

“Sijui, mzee wangu. Nilinunua tu.”

“Basi ungeuliza, mwanangu. Makumbi ya kamba sisi huyafukia matopeni ufuoni, maji ya bahari yakapwa na kujaa juu yake miezi na miezi, hata yalainike. Hukupanda ndooni wewe. Umepanda baharini.”

Akacheka, nami nikacheka kwa haya. Ukweli ni kwamba hata makumbi yasiyofukiwa ufuoni huwa na chumvi za sodiamu na potasiamu, kwa maana mnazi wenyewe ni mti uvumiliao chumvi. Dawa yake ni kuyaosha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kuyaacha yachuje, na kuyaosha tena na tena. Hata hivyo, sehemu ya chumvi hizo hung'ang'ania vumbi lenyewe, haitoki kwa maji matupu. Ndiyo sababu wakulima wakubwa huyaloweka katika maji yaliyoyeyushwa naitreti ya kalsiamu, ili kalsiamu iisukume sodiamu na kuchukua nafasi yake. Muuzaji asiyeweza kukuambia kama makumbi yake yameoshwa au la, mwache.

Mbadala wa pili ni pamisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu ambalo wengi hulitumia kusugulia nyayo. Volkano za Bonde la Ufa zilitumwagia jiwe hilo bila ya kutudai senti. Lipo kwa wingi sehemu za Longonot na Naivasha, na baadhi ya mashamba ya waridi ya huko hulitumia. Pamisi haiozi, haigandamani, na hewa haikosekani ndani yake. Kasoro yake ni kwamba maji huiacha upesi, kwa hiyo mmea huhitaji kunyweshwa mara kwa mara. Ichekeche kwanza uondoe vumbi, ubaki na chembe za ukubwa wa kati ya punje ya mtama na punje ya mahindi.

Mbadala wa tatu ni makapi ya mpunga, ambayo viwanda vya kukoboa vya Mwea na Ahero hutoa kwa marundo. Makapi ni mepesi na huingiza hewa vizuri, bali yakiwa mabichi huyakataa maji, nayo punje zilizosalia humo huota au kuwaita panya. Yakichomwa kidogo mpaka yawe meusi, pasipo kuyaacha yageuke majivu, hushika maji zaidi. Yaoshwe baada ya hapo, kwa kuwa majivu hupunguza uchachu unaopendwa na mimea mingi.

Vumbi la mbao nalo hupatikana bure kwa maseremala, na wengi wamelikimbilia wakajuta. Sababu ni kwamba vijidudu vinavyoliozesha huhitaji nitrojeni, navyo hula kwanza kabla ya mmea. Mmea hubaki na njaa, majani yakawa manjano, ilhali mwenye bustani anaapa kwamba ametia mbolea. Likirundikwa miezi kadhaa pamoja na samadi likaoza, hufaa; likiwa bichi, halifai. Na vumbi la mbao zilizotiwa dawa ya mchwa lisitumiwe kabisa.

Mchanga wa mtoni, uliooshwa, ni mwema na hauchoki, ila ni mzito mno: ndoo ya lita 20 hukaribia kilo 30 au hupita. Anayetaka kupanda juu ya dari ya jengo, na akumbuke hesabu hiyo. Mchanga wa ufuoni usiguswe, kwani licha ya chumvi, ule wa pwani yetu umejaa vipande vya matumbawe na makombe, ambavyo huondoa uchachu wote.

Ipo pia mibadala itokayo ng'ambo. Sufu ya mawe hutengenezwa kwa kuyeyusha mwamba katika moto mkali na kuusokota nyuzi kama za pamba. Ni nzuri kazini, lakini haiozi, na ikishachakaa haina pa kutupwa. Piti ni mabaki ya mimea yaliyorundikana vinamasini bila ya kuoza kabisa. Huko Ulaya na Marekani ilitukuzwa tangu udongo mzuri wa kujazia vyungu ulipoanza kuadimika. Chuo Kikuu cha California kilitoa mwaka 1957 kanuni za kuchanganya piti na mchanga, na Chuo Kikuu cha Cornell kikafuata katika miaka ya 1960. Ubaya ni kwamba piti hukua kama milimita moja tu kwa mwaka. Kinamasi cha mita moja kimechukua miaka 1,000 hivi. Isitoshe, ikichimbwa, kaboni iliyofungika humo hurudi hewani. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba katika bonde la Kongo kuna eneo la piti lipatalo kilomita 145,500 za mraba, lenye kaboni ya kiasi cha tani bilioni 30. Hatuwezi kuhimizana tukilinde kinamasi cha majirani zetu, kisha tununue cha Ulaya kwa ajili ya miche ya kabichi.

Msomaji ataniuliza: kati ya vyote hivyo, kilicho bora ni kipi? Hapo ndipo nilipokuwa nikielekea. Hakuna kilicho bora kwa kila mtu. Shule ya Kwale haina sababu ya kuagiza pamisi, wala shule ya Nakuru kusafirisha makumbi ikiwa pamisi iko karibu. Kilicho bora ni kile kilicho karibu nawe, ulichokipima, na ulichokirekebisha kasoro yake. Kitu chenye kunywa maji mengi huchanganywa na kile chenye hewa nyingi: makumbi na pamisi nusu kwa nusu, au makumbi na makapi. Huo ni mwanzo tu. Kipimo ndicho kitakachosema.

Mfano wa kupima kabla ya kuamini tunao hapa nchini. Kaskazini mwa Mombasa, huko Bamburi, palikuwa na machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, uwanja mtupu wa matumbawe usio na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo, alianza kuotesha miti humo. Hakuchagua mti mmoja kwa kuusifu. Alijaribu aina 26, na zilizoweza kuishi zilikuwa tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yalipodondoka bila ya kuoza, alileta majongoo wayatafune. Kidogo kidogo mboji ikapatikana, na jangwa lile likawa msitu. Aina 23 zilikufa, nazo hazikuwa hasara, maana ndizo zilizomfunza.

Nasi tufanye vivyo hivyo, tena kwa vyombo vya jikoni. Chukua kopo la lita moja, litoboe chini, uzibe tundu kwa gundi ya karatasi au kwa kizibo. Lijaze kitu unachotaka kukipima hadi ukingoni. Mimina maji polepole kutoka katika chombo chenye alama za vipimo, uyaache kitu hicho kiyanywe, uongeze mpaka maji yaonekane juu, na uandike kiasi ulichomimina. Kisha fungua tundu juu ya bakuli, ngoja mpaka matone yakome, upime maji yaliyotoka. Tuseme kopo limepokea mililita 700 na kurudisha 200. Mililita 200 hizo ndizo zitakazochukuliwa na hewa, yaani sehemu 20 kati ya 100. Na mililita 500 zilizobaki ndiyo akiba ya maji. Aghalabu hewa ya sehemu 10 hadi 30 kati ya 100 hufaa. Ikipungua chini ya 10, ongeza kitu chenye chembe kubwa. Ikizidi 30, mmea utakuwa na kiu kila saa. Kumbuka tu kwamba kipimo hicho ni cha kopo la kimo kile. Katika ndoo ndefu hewa itakuwa zaidi.

Kipimo cha pili ni cha chumvi na sumu. Panda mbegu 10 za maharagwe katika kila mbadala, na nyingine 10 katika udongo mzuri wa bustani ili upate cha kulinganishia. Maharagwe hayavumilii chumvi, kwa hiyo yatakusemea ukweli. Yakiota 9 udongoni na 3 katika makumbi, rudi ukaoshe. Na kila tarakimu iandikwe, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari.

Neno la mwisho kuhusu chakula. Mbadala wa udongo ni kitanda, si chakula. Pamisi na mchanga havina cha kuupa mmea, na makumbi yana kidogo kisicho kamili. Wengi hutia mbolea ya CAN peke yake, wakasahau kwamba ina nitrojeni na kalsiamu lakini haina fosforasi wala potasiamu. Mmea ulio ndooni hauna pa kupeleka mizizi kutafuta kilichokosekana. Usipoupa, hana mwingine wa kuupa. Kwa hiyo, kabla ya kununua ndoo, shule ijue itatoa wapi virutubishi kamili vya kuyeyushwa majini, kwa msimu mzima. Isiyoweza gharama hiyo yaweza kuchanganya mboji iliyooza vizuri, kiasi cha robo, hasa kwa mboga za majani, kisha ipime hewa upya, kwani mboji huziba vitundu.

Najua watakaosema kwamba walimu wana kazi nyingi na hawana wasaa wa kupimapima. Nawajibu kwamba kupima huko ndiko kufundisha kwenyewe. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, unataka mtoto atende, si akariri. Katika kopo moja la lita mna somo la Kilimo, mna asilimia za Hisabati, mna Sayansi ya maji na hewa, na mna Insha kwa atakayeandika ripoti. Jina lenyewe la 4K ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Neno la katikati ni kufanya, halikuwa kununua.

Enyi walimu, akija muuzaji na picha za nyanya zinazong'aa, mpokeeni kwa heshima, mwombeni mfuko mmoja wa mfano, mkaupime mbele ya wanafunzi wenu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nanyi wanafunzi, mkikuta mche umenyauka, msiulaani wala msiukimbilie na mtungi wa maji. Ung'oeni, mtazame mizizi. Myeupe imepata hewa. Iliyo myeusi na laini imezama. Anayejua kuisoma mizizi hiyo hatadanganyika na rangi ya kitu kilicho juu yake, akiwa shambani, ndooni, au juu ya dari ya nyumba ya mjini.